Flotila: Mfano wa Ziwa Tanganyika, 1915–1916

Mwanafunzi akisoma katika kitabu cha historia kwamba taifa fulani lilipeleka flotila mahali fulani, mara nyingi hudhani kwamba maana yake ni meli chache tu. Neno hili asili yake ni Kihispania. Flota ni kundi la meli, na flotilla ni umbo lake la udogo, kama sisi tunavyopata kijiji kutokana na mji. Lakini udogo ni nusu tu ya maana. Meli tatu zinazokwenda kila moja njia yake si flotila, hata zikipeperusha bendera moja. Flotila ni vyombo vidogo vilivyo chini ya amri ya ofisa mmoja, vyenye kituo kimoja cha mafuta na matengenezo, na vilivyozoezwa kushambulia pamoja. Katika miaka ya 1930 flotila ya destroya za Uingereza ilikuwa na manowari moja ya kiongozi na nyingine nane. Hizo nane ziligawanywa katika mafungu mawili ya nne nne, na kila fungu katika jozi, hata kila nahodha akamjua mwenziwe wa karibu.

Tazama sasa yaliyotokea katika Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani ndio waliolitawala ziwa. Walikuwa na meli mbili ndogo za mvuke, Kingani na Hedwig von Wissmann, na mwaka 1915 wakaongeza Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 71 hivi. Hiyo ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma ilikoungwa. Waingereza nao walileta motaboti mbili za mbao, Mimi na Toutou, kila moja mita 12 tu. Mtu akipima kwa ukubwa angecheka.

Zilitoka Uingereza mwezi Juni 1915 kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume katika Kongo, kisha zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe. Mamia ya wenyeji walikata miti, wakajenga madaraja, wakachukua maji ya kulisha matrekta hayo. Vita haikuwa yao, na vitabu vingi vinavyotaja majina ya maofisa huwapita wao kimya. Mwishoni mwa Oktoba motaboti zilifika ziwani, upande wa magharibi, karibu na mji wa Kalemie wa leo.

Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilikuja peke yake kupeleleza. Mzinga wake ulikuwa omo, wala haukuweza kupiga kuelekea tezi. Katika majaribio motaboti zile zilikwenda maili za baharini 19 kwa saa, yaani kilomita 35 hivi, nayo Kingani haikufikia nusu ya mwendo huo. Zikaifuata mbili kwa pamoja kutoka nyuma, ikatekwa. Waingereza wakaitengeneza, wakaiita Fifi.

Hapa pana somo la fizikia. Kwa kanuni ya tatu ya Newton, mzinga ukisukuma kombora mbele, kombora nalo husukuma mzinga nyuma kwa nguvu iliyo sawa. Meli nzito haisikii sana, lakini mashua nyepesi husikia. Mzinga wa Mimi uliweza kupigwa kuelekea mbele tu, kwa hiyo nahodha alilenga kwa kugeuza chombo kizima. Fifi nayo ilipewa mzinga mkubwa kuliko iliouzoea, na kila ulipopigwa mwendo wake ulipungua.

Jambo hilo nusura liwaponyoshe Wajerumani tarehe 9 Februari 1916. Hedwig, iliyotangulia pasipo Götzen, ilikimbia, na Fifi ikaachwa nyuma kwa sababu ya mizinga yake yenyewe. Ndipo Mimi ikatangulia, ikaipiga Hedwig kutoka nyuma, mbali na masafa ya mzinga wake wa tezi. Hedwig ililazimika kugeuka ili itumie mizinga ya omo. Kila ilipogeuka ilipoteza njia, na Fifi ikakaribia. Chombo kimoja kilichelewesha, kingine kikazamisha. Kwa maoni yangu, dakika hizo zaeleza flotila kuliko ufafanuzi wowote wa kamusi.

Götzen haikuzamishwa na flotila hiyo. Kamanda wao, Spicer-Simson, alikataa kuishambulia. Majeshi ya nchi kavu yalipoikaribia Kigoma, Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, baada ya kuzipaka mashine zake grisi nyingi zisipate kutu. Waingereza waliiinua mwaka 1924. Mwaka 1927 ilianza tena safari kwa jina la Liemba, na kwa miaka mingi ikachukua abiria na mizigo kati ya Kigoma na Mpulungu.