Intaneti ikikatika: zima ruta, ngoja kidogo, kisha washa tena



Ijumaa moja, saa nane za mchana, ofisi ya parokia yetu ilikuwa na kazi moja tu: kutuma orodha ya dawa zinazohitajiwa na kituo cha afya. Orodha ilipaswa kufika kabla ya saa kumi, kwa kuwa gari lilikuwa linapakiwa jioni hiyo. Intaneti ikakatika. Taa za ruta zilikuwa zinawaka, simu zilionyesha alama ya Wi-Fi, lakini hakuna kitu kilichofunguka.

Kijana mmoja mwenye moyo wa kusaidia akachukua sindano, akaiingiza katika tundu dogo lililo nyuma ya ruta, akabonyeza na kushikilia. Tangu pale hata jina la Wi-Fi yetu likapotea. Orodha haikwenda. Gari liliondoka bila sanduku letu, na wagonjwa wa kisukari na wa shinikizo la damu wakangojea safari iliyofuata.

Fundi alipofika siku ya Jumatatu alituuliza swali moja: « Je, mulianza kwa kuchomoa waya wa umeme? » Hakuna aliyefanya hivyo. Ndiyo sababu ninawaandikia, ili jambo hili lisiwapate na ninyi.

Ruta inafanya kazi gani?

Ile sanduku ndogo yenye taa, ambayo wengine wanaiita modemu, ni ordinatere ndogo. Ina programu yake na kumbukumbu yake, na inakesha usiku na mchana.

Kazi yake ya kwanza ni kuipa kila simu namba yake ndani ya nyumba. Namba hiyo inaitwa anwani ya IP, na mara nyingi inaanza na 192.168. Inatolewa kwa muda, kwa mfano saa 24, kisha inafanywa upya.

Kazi ya pili ni kuandika daftari. Simu zote za nyumba zinatoka nje kwa kutumia anwani moja tu. Kwa hiyo ruta inaandika: simu hii imeomba picha, ordinatere ile imeomba barua. Jibu likirudi, ruta inatazama daftari na kulipeleka kwa mwenyewe.

Kazi ya tatu ni kushika njia inayoiunganisha na kampuni inayotoa intaneti.

Kwa nini inakwama?

Kumbukumbu ya ruta za bei ndogo ni ndogo. Siku ya matanga au ya arusi, simu 30 zinaweza kuingia katika Wi-Fi moja. Daftari linajaa, au namba za kugawa zinaisha. Mara nyingine kosa dogo katika programu linakula kumbukumbu kidogo kidogo, siku kwa siku. Mara nyingine njia ya kwenda kwa kampuni imekatika, lakini ruta haijatambua. Inaendelea kuwasha taa kana kwamba mambo ni mazuri. Na joto pia linaiumiza, hasa ikiwa imefunikwa na kitambaa au imewekwa juu ya televizyo.

Daftari hilo linakaa katika kumbukumbu ambayo inahitaji umeme ili kudumu. Umeme ukitoka, yote yanafutika. Ukirudi, ruta inaanza na ukurasa mweupe na kutafuta njia upya. Lakini jina la Wi-Fi na neno la siri vinakaa katika kumbukumbu nyingine, isiyohitaji umeme. Kwa hiyo kuzima na kuwasha hakuharibu mipangilio yenu. Lile tundu dogo ndilo linalofuta kumbukumbu hii ya pili. Ndilo lililotupata.

Namna ya kufanya

1. Tazama kwanza ni nani anayekosa intaneti. Ikiwa ni simu moja tu, zima na kuwasha simu hiyo. Ikiwa ni wote, endelea.

2. Hakikisha forfe ya mega haijaisha. Watu wengi wamesumbua ruta bure wakati ni pesa iliyokwisha.

3. Chomoa waya wa umeme. Ikiwa ruta yenu inatumia kadi ya SIM na ina batri ndani, kuchomoa waya hakutaizima. Tumia kitufe cha kuzimia, au toa batri.

4. Ngoja sekunde 30, au dakika moja nzima. Ndani ya ruta kuna vipande vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi. Ukirudisha waya haraka, kumbukumbu haitakuwa imefutika vizuri.

5. Rudisha waya. Ikiwa muna sanduku mbili, anza na ile inayopokea intaneti kutoka nje. Taa zake zikitulia, ndipo uwashe ile inayogawa Wi-Fi.

6. Ngoja dakika mbili hadi tano mbele ya kujaribu. Usizime tena kwa kukosa uvumilivu, kwa sababu ungali unaikata katikati ya kazi.

Juu ya umeme wetu

Katika miji yetu umeme unakatika na kurudi bila kupiga hodi, na wakati wa kurudi nguvu yake inaweza kupanda na kushuka. Hiyo si sawa na kuwasha upya, ni pigo. Umeme ukikatika, chomoa ruta, na usiirudishe mpaka taa za nyumba zitulie kwa dakika chache. Pia, ruta ikiwa inapokea programu mpya, usiizime hata kidogo: ikikatwa katikati inaweza kukataa kuwaka tena.

Wakati kuzima hakusaidii

Kuna ugonjwa ambao dawa yake haiko nyumbani kwenu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini wa Afrika. Intaneti ikawa dhaifu Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Hata mtu angezima ruta yake mara mia siku ile, asingeunganisha waya ulio chini ya maji.

Kwa hiyo, ukiisha kuzima na kuwasha mara mbili bila matunda, acha. Uliza jirani anayetumia kampuni ileile. Kisha pigia kampuni simu, uwaambie ilianza saa ngapi na ni taa gani inayowaka au isiyowaka. Maneno hayo mawili yanaokoa muda mwingi.

Na ikiwa ruta inahitaji kuzimwa kila siku, hiyo ni dalili. Andika tarehe na saa kwa muda wa juma moja. Ikiwa inakwama wakati wa jua kali, itafutie mahali penye hewa. Ikiwa inakwama wakati watu ni wengi, pengine ni ndogo kwa kazi munayoipa. Ikiwa haina mpangilio, mwonyeshe fundi ruta pamoja na kichwa cha waya wake wa umeme, maana hicho kikizeeka kinatoa nguvu pungufu.

Karatasi ukutani

Leo, kando ya ruta ya ofisi yetu, kuna karatasi. Imeandikwa hatua zile sita, na namba ya simu ya kampuni. Jina la Wi-Fi, neno la siri na mipangilio ya kampuni vimeandikwa katika daftari la sekretari, ndani ya kabati, si ukutani. Na juu ya lile tundu tumebandika kipande cha plasta.

Mwisho wa karatasi kuna mstari mmoja ulioongezwa na mama muuguzi wa kituo cha afya: « Kazi ikiwa ya haraka, tuma kwanza kwa mega za simu, ruta itangoja. » Ijumaa ile tulikuwa watu watano ofisini, kila mmoja na simu yake mkononi, na hakuna aliyelifikiria.