Kariandusi: Ufuo wa Kale Katikati ya Bara

Wako wasafiri wavukao bahari kuu ya Pasifiki ili wakanyage kisiwa kidogo cha Rapa Nui, kilichojitenga yapata kilometa 3,500 kutoka pwani ya Chile. Huko huonyeshwa masanamu makubwa ya mawe, na pia zana za jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, liitwalo obsidiani, ambazo wenyeji walikuwa wakizichonga tangu kabla ya merikebu ya kwanza ya Kizungu kufika mwaka 1722. Ni safari njema kwa mwenye uwezo. Lakini jiwe la namna hiyo hiyo, lililochongwa na mikono iliyotangulia mno, liko kwetu Kenya, karibu na njia kuu ya Nairobi kwenda Nakuru. Mabasi ya kwenda Kisumu na Kampala hupita hapo usiku na mchana bila ya kutia nanga.

Mahali hapo paitwa Kariandusi. Msafiri akiisha kupita Gilgil, Ziwa Elmenteita huonekana chini bondeni, na kibao kidogo humwelekeza aiache barabara. Mimi nilifika saa nne za asubuhi. Mtu wa pwani na achukue sweta, kwa kuwa mahali penyewe pako mita zaidi ya 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa asubuhi hauihurumii kanzu.

Kijana wa makumbusho alinipokea kwa heshima. Nilipoliona ziwa liko mbali, nilimwuliza sababu ya watu wa kale kuyaacha maji na kukaa huku juu. Akatabasamu.

"Hawakuyaacha, mzee. Maji ndiyo yaliyowaacha. Zamani ufuo ulikuwa huku."

Ushahidi wa neno lake uko hapo jirani: kuta za udongo mweupe pe, palipochimbwa kwa biashara kwa miaka mingi. Mgeni hudhani ni chokaa. Kumbe ni diatomaiti, yaani magamba ya mimea ya majini, midogo hata haionekani kwa macho, ambayo kizazi baada ya kizazi ilikufa na kutua chini ya ziwa. Udongo huo hutumika kuchujia vinywaji, kutiwa katika rangi, na kuhifadhia nafaka isiliwe na wadudu. Penye diatomaiti palikuwa na maji. Hilo halina ubishi. Bonde la Ufa limesukwasukwa na volkeno na mitetemeko, maziwa yakajaa na kukauka mara nyingi.

Mawe yenyewe yaligunduliwa mwaka 1928 na msafara wa Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete. Hata leo mengi yamelala pale pale yalipofukuliwa, chini ya paa lililoezekwa kuyakinga na mvua. Ni mashoka ya mkono yasiyo na mpini, yaliyochongwa pande zote mbili yakawa na umbo la tone la maji: ncha imechongoka, na kitako kinajaa kiganja. Mengine ni ya obsidiani, mengine ni ya mawe ya kawaida ya volkeno. Wataalamu huyakadiria kuwa na umri wa kati ya miaka 700,000 na 1,000,000.

Fundi wa milango wa Lamu patasi ikimteleza, aweza kuziba kosa. Obsidiani haina kuziba. Pigo moja la kombo, na kazi yote imeharibika. Basi aliyelichonga shoka lile alikuwa na sura yake kichwani kabla hajapiga pigo la kwanza, na yaelekea aliketi kwanza akamtazama aliyemtangulia.

Najua wako kwetu wanaoziogopa hesabu hizi za miaka, wakidhani kuzisikiliza ni kuiacha dini. Mimi sikuona la kuogopesha. Kuran yenyewe yatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame habari za waliotutangulia, na ujuzi kamili wa zama zao uko kwa Mola.

Wala habari hizi si za bara peke yake. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza kuwa katika pango la Panga ya Saidi, huko Kilifi, limepatikana kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, na ziko dalili kuwa alifungwa katika kitu mfano wa sanda. Sitoi hukumu. Nasema tu kwamba ye yote kati yetu aliyepata kumteremsha maiti kaburini, akisoma habari hiyo, atanyamaza kidogo. Sisi tumezoea kuianza historia na majahazi, na Gede, na misikiti ya Lamu. Ni historia ya kujivunia, lakini ni kurasa za mwisho za kitabu kirefu.

Na kitabu hicho chaweza kuchanika. Siku hiyo walikuwapo watoto wa shule, na mmoja wao alitia kibanzi cheusi mfukoni. Yule kijana hakumgombeza. Alimwambia, "Mfukoni mwako ni jiwe tu. Pale lilipolala ni shahidi." Mtoto akalirudisha.

Alisema kweli. Mtaalamu husoma kina cha jiwe, udongo uliolifunika na mawe yaliyo jirani nalo. Likihamishwa, habari hiyo hupotea na hairudi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 yavilinda vitu vya kale, lakini sheria haina macho katika kila mfuko. Kinachobaki ni sisi wenyewe kupajua mahali hapa na kupaonea uchungu, kwa maana pasipo wageni husahauliwa upesi.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na safari ya Nakuru, mwambie kondakta akushushe. Saa mbili zatosha. Nenda na watoto, nao wafundishe adabu ya mahali hapo: kwenda mikono mitupu na kurudi mikono mitupu.