Chakula cha Mbwa Katika Nyumba ya Mkulima na Mvuvi

Katika vijiji vya eneo la Suguti, kando ya Ziwa Victoria katika Mkoa wa Mara, mbwa ana kazi nyingi. Usiku hulinda ng'ombe na mbuzi zizini; mchana huwafukuza tumbili mashambani; na mgeni hafiki uani kabla mbwa hajatoa habari zake. Pamoja na kazi hizo zote, chakula chake hakimo katika hesabu ya nyumba. Watu wakiisha kula, hupewa ukoko uliobaki sufuriani. Usipobaki, hujitafutia mwenyewe jalalani, mwaloni wanakotengenezewa samaki, au mahali palipochinjwa mnyama.

Matokeo yake huonekana wazi. Mbavu huhesabika, manyoya hupukutika, vidonda haviponi upesi, na watoto wengi hufa kabla ya kufumbua macho au mara baada ya kuachishwa ziwa. Watu hudhani kwamba mbwa huyo amezaliwa dhaifu. Kumbe mara nyingi tumbo lake hujazwa, lakini mwili wake haupati vitu vya kuujenga.

Jambo la kutia moyo ni kwamba karibu vyote vinavyotakiwa kumlisha mbwa vizuri vinapatikana katika nyumba ya mkulima na mvuvi wa ziwani. Jambo la kuangaliwa ni kwamba vile vinavyoweza kumdhuru, na kupitia kwake kuwadhuru watu, navyo vinapatikana papo hapo.

Mbwa na ugali

Mbwa ni katika kundi la wanyama walao nyama, na asili yake ni mbwa mwitu wa nchi za kaskazini. Lakini ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, na mwili wake umebadilika kwa sababu ya chakula cha binadamu. Mwaka 2013 wataalamu nchini Sweden walilinganisha urithi wa mbwa na ule wa mbwa mwitu. Waliona kwamba jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga, ambayo mbwa mwitu huwa nayo nakala 2 tu, kwa mbwa wa nyumbani ina nakala kati ya 4 na 30. Kwa hiyo ugali, ukiwa umeiva vizuri, ni chakula halali cha mbwa. Humpa nguvu ya kukimbia na joto la mwili.

Upungufu wa ugali uko kwingine. Chakula kikavu cha mbwa mzima hutakiwa kiwe na protini isiyopungua asilimia 18. Cha mtoto anayekua au mama anayenyonyesha, asilimia 22 hivi. Unga wa mahindi una asilimia 9 tu, na unga wa muhogo hauzidi asilimia 2 au 3. Aidha, mahindi yana madini kidogo sana ya chokaa, ambayo ndiyo hujenga mifupa na meno, na madini yake ya zinki hayanyonywi vizuri tumboni. Mtoto wa mbwa alelewaye kwa ugali mtupu huwa na tumbo kubwa na miguu iliyopinda. Mzima huwa na ngozi kavu yenye magamba.

Nyama tupu nayo haitoshi. Nyama isiyo na mifupa ina protini nyingi, lakini chokaa yake ni kidogo mno. Mbwa anayefugwa kwa minofu pekee huweza kudhoofika mifupa sawasawa na yule wa ugali mtupu.

Hesabu ya unga na dagaa

Katika ukanda wa ziwa, dawa ya upungufu huo ni dagaa. Samaki huyu mdogo huliwa mzima pamoja na kichwa, mifupa na ini lake. Kwa hiyo huleta kwa pamoja protini, chokaa, zinki, mafuta na vitamini A. Kila gramu 100 za dagaa wakavu zina protini ipatayo gramu 55.

Mfugaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Akichanganya vipimo 4 vya unga wa mahindi na kipimo 1 cha dagaa wakavu, wote kwa uzito, unga utatoa protini 36 na dagaa 55, jumla 91. Ukigawanya kwa vipimo 5, unapata asilimia 18, ambayo ndiyo haja ya mbwa mzima. Kwa mama anayenyonyesha na watoto, dagaa waongezwe hadi kipimo 1 kwa vipimo 2 au 3 vya unga.

Dagaa wanaoanikwa mchangani waoshwe kwanza, kwa kuwa mchanga husaga meno na kusumbua matumbo. Kisha wachemshwe, na unga ukorogwe katika supu hiyo hiyo hadi uive. Kuchemsha kuna faida mbili: wanga ulioiva humeng'enywa kwa urahisi; na baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, ambacho hufa kwa moto. Kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia na majani machache ya mchicha hukamilisha chungu.

Pasipo dagaa, vichwa vya sangara na mapanki vinafaa pia, lakini kwa hadhari. Mifupa yake ni migumu na yenye ncha. Ikimezwa huweza kukwama kooni au kutoboa utumbo. Vichemshwe mpaka nyama iachane na mfupa, nyama na supu vichanganywe na unga, na mifupa ifukiwe.

Tahadhari juu ya muhogo

Katika sehemu nyingi za Suguti ugali hupikwa kwa unga wa muhogo. Kwa kuwa muhogo una protini kidogo mno, kipimo cha 4 kwa 1 hakitoshi. Yafaa vipimo 2 vya unga kwa kipimo 1 cha dagaa.

Kadhalika, muhogo mchungu una sianidi, sumu inayopungua kwa kuloweka, kuvundika na kuanika ipasavyo. Mkoa wa Mara una kumbukumbu chungu ya jambo hili. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Wilaya ya Tarime walioharakisha matayarisho ya muhogo walipatwa na ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo. Mbwa naye hana kinga ya ajabu. Uchunguzi wa Nigeria uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba mbwa wachanga waliolishwa muhogo walipata madhara katika viungo vya ndani. Mwili huiondoa sianidi kwa kutumia salfa iliyomo katika protini. Hivyo dagaa husaidia mara mbili: humjenga mbwa, na huupa mwili wake silaha dhidi ya sumu. Hata hivyo, dagaa hawawezi kuufanya muhogo usioiva vizuri uwe salama. Unga ambao mtu hathubutu kuula, mbwa naye asipewe.

Mahindi yaliyoota ukungu

Iko desturi ya kuwatupia mbwa mahindi yaliyoharibika ghalani, kwa kufikiri kwamba mbwa hula lolote. Desturi hiyo ni ya hatari. Ukungu huweza kutoa sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 nchini Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliwapata watu 317, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yalitokea katika Mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania.

Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi sana kwa sumu hiyo. Ini lake huharibika. Hukataa chakula, hutapika, ufizi na weupe wa macho hugeuka manjano, na mara nyingine hutokwa na damu kisha akafa. Mahindi ya namna hiyo yateketezwe, wala yasipewe mnyama yeyote.

Nyama mbichi na tegu

Mbuzi au ng'ombe anapochinjwa, ini au pafu lenye malengelenge ya maji hutupiwa mbwa. Hapo ndipo ulishaji wa mbwa unapogeuka kuwa jambo la afya ya jamii. Lengelenge hilo huweza kuwa na vichwa vya tegu mdogo, asiyezidi milimita 7. Mbwa akilimeza, tegu hukomaa katika utumbo wake, na mayai hutoka na kinyesi. Mayai hayo huingia katika nyasi za malisho, maji na mikono ya watoto wanaocheza na mbwa. Mtu akiyameza, huota uvimbe wa maji katika ini au mapafu, unaokua polepole kwa miaka mingi, na mara nyingi huhitaji upasuaji.

Katika nchi ya Waturkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ugonjwa huu ulienea mno hata shirika la AMREF likaanzisha mpango wa kuudhibiti mwaka 1983. Kinga yake nyumbani ni rahisi. Viungo vyenye malengelenge vifukiwe kwa kina au vichomwe. Matumbo na mapafu mengine yachemshwe nusu saa kamili kabla ya kumpa mbwa. Naye mbwa apewe dawa ya tegu kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Masalio ya mchuzi pia yaangaliwe. Vitunguu, vibichi kwa vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chokoleti nayo ni sumu kwake.

Kiasi na nyakati

Mbwa wa kilo 15 mwenye kazi za kawaida anahitaji kalori zipatazo 900 kwa siku. Kiasi hicho hupatikana katika robo kilo ya mchanganyiko mkavu: gramu 200 za unga wa mahindi na gramu 50 za dagaa, zilizogawanywa asubuhi na jioni. Mama anayenyonyesha huhitaji mara mbili au tatu ya hapo. Mtoto aliyeachishwa ziwa apewe kidogo kidogo mara 3 au 4 kwa siku. Maji safi yawepo wakati wote.

Kipimo bora ni mwili wa mbwa mwenyewe. Mkono ukipitishwa ubavuni, mbavu ziguswe bila kukandamiza, lakini zisionekane kwa mbali.

Kwa mwaka mzima, mbwa mmoja hutumia kilo 73 za unga na kilo 18 za dagaa. Kwa nyumba yenye uhaba huo si mzigo mdogo, na hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kuamua idadi ya mbwa. Mbwa mmoja aliyeshiba hulinda boma vizuri kuliko watatu wenye njaa, ambao usiku huacha lindo na kwenda kutafuta mizoga.

Wala chakula si badala ya chanjo. Katika Wilaya ya Serengeti, mkoani humo humo Mara, kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 1996 zilipunguza matukio ya kichaa cha mbwa kwa asilimia 70 baada ya awamu ya kwanza, na asilimia 97 baada ya awamu ya pili. Mbwa anayelishwa kwa saa maalumu huizoea nyumba yake na mkono wa mwenyewe, hivyo ni rahisi kumkamata na kumpeleka siku ya chanjo. Bakuli la jioni humfaa mbwa, na pia huwakinga watoto wa nyumba ile na majirani zao.