Tandu na Jongoo: Wafahamu, Kisha Safisha Nyumba Yako

Ndugu msomaji, wakati wa masika mambo haya hutokea katika nyumba nyingi vijijini. Mvua imenyesha usiku kucha. Asubuhi unafungua mlango. Unamkuta jongoo mweusi amejiviringa kizingitini. Mtoto anapiga kelele. Jioni unanyanyua gunia la mahindi lililo sakafuni. Tandu anachomoka chini yake, anakimbilia kwenye mkeka ambao watoto watalalia.

Watu wengi huwaogopa wadudu hawa wawili kwa namna moja. Lakini tandu na jongoo si sawa. Mmoja anauma, mwingine hana uwezo wa kuuma mtu. Ni vizuri uwafahamu wote wawili. Ukiwafahamu utajua yupi wa kumhofia, na utajua jinsi ya kuwazuia wasiingie ndani.

WATAMBUE

Tandu ana mwili bapa wenye pingili, kama pingili za muwa. Kila pingili ina miguu miwili, mmoja kila upande. Tandu wakubwa tunaowaona nyumbani wengi wao wana jozi 21 za miguu. Hukimbia haraka sana, na huwinda usiku. Miguu yake ya mwisho ni mirefu, ndiyo maana watu hudhani kwamba anachoma kwa mkia. Sivyo. Sumu ya tandu iko mbele, katika kucha mbili zilizo chini ya kichwa.

Jongoo ana mwili wa mviringo. Pingili zake nyingi zina miguu minne minne. Ingawa ana miguu mingi hivyo, hutembea polepole. Jongoo mkubwa mweusi wa Afrika Mashariki huweza kufikia sentimita 30, yaani urefu wa rula ya shule. Ukimgusa hujiviringa kama ngata ya kubebea mtungi. Haumi. Lakini akiona hatari hutoa majimaji ubavuni. Majimaji hayo huacha doa kwenye ngozi na huwasha. Yakiingia jichoni huumiza sana. Kwa hiyo mfundishe mtoto asimchezee jongoo.

KWA NINI WANAINGIA NDANI

Wadudu hawa wanahitaji unyevu. Jua kali huwakausha upesi. Mchana hujificha chini ya mawe, magogo na majani yaliyooza. Mvua kubwa ikijaza maji maficho yao, hutoka na kutafuta mahali pengine. Nyumba yako ikiwa karibu, huingia humo.

Tandu hufuata pia chakula. Yeye hula mende, buibui na wadudu wengine. Nyumba yenye mende wengi imemwandalia tandu karamu. Jongoo hula majani na vitu vilivyooza. Ukirundika takataka ukutani, umemwekea chakula mlangoni.

Sasa unaona, ndugu msomaji. Ukimuua tandu mmoja leo na kuacha mende, takataka na unyevu, kesho atakuja mwingine.

FANYA HAYA

1. Fagia majani na takataka zote zilizo karibu na nyumba. Zipeleke kwenye shimo la mbolea, mbali na nyumba.

2. Panga kuni juu ya kichanja. Usiziegemeze ukutani. Unapochukua kuni au tofali, litazame kwanza upande wa chini.

3. Chimba mfereji wa kupeleka maji ya mvua mbali na msingi. Maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo yasituame karibu na ukuta.

4. Ziba nyufa za ukuta na sakafu kwa udongo au saruji. Ziba pia nafasi iliyo chini ya mlango. Kipande cha mpira wa gari kilichopigiliwa misumari chini ya mlango kinafaa.

5. Weka magunia juu ya chaga, yasiguse sakafu. Funika chakula na osha vyombo kabla ya kulala, ili mende wakose chakula.

6. Ukiweza, lala juu ya kitanda, na usogeze kitanda mbali kidogo na ukuta. Chomeka chandarua chini ya godoro. Kitakukinga na mbu, na pia kitamzuia tandu. Kama watoto wanalala chini, kung'uta mkeka na mablanketi kila jioni.

7. Kung'uta viatu na nguo kabla ya kuvaa. Ukitoka usiku, vaa viatu na ubebe taa au tochi.

Jihadhari na jambo moja. Dawa ya kunyunyizia pamba, kahawa au mboga si dawa ya nyumbani. Usiimwage sakafuni wala kitandani. Usiiweke katika chupa ya soda. Sumu hiyo inaweza kumuua mtoto wako, wakati tandu angempa maumivu tu.

TANDU AKIUMA

Maumivu ni makali, na mahali palipoumwa huvimba na kuwa pekundu. Kwa watu wengi hali hii hupungua baada ya saa chache au siku mbili tatu. Usiwe na wasiwasi mwingi. Osha jeraha kwa sabuni na maji safi. Vua pete au bangili kabla mkono haujavimba. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi.

Usichanje kwa wembe. Usinyonye jeraha. Usifunge kamba. Usipake kinyesi cha ng'ombe, udongo wala mafuta ya taa. Kinyesi na udongo vinaweza kuleta pepopunda, na pepopunda huua.

Nenda zahanati upesi kama mgonjwa anapumua kwa shida, amevimba uso, anatapika au anazimia. Mpeleke pia kama aliyeumwa ni mtoto mdogo, au kama jeraha linazidi kuvimba na kutoa usaha.

Majimaji ya jongoo yakikupata kwenye ngozi, osha kwa sabuni na maji mengi. Yakiingia jichoni, mwagia jicho maji safi kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha nenda zahanati. Usitie dawa ya kienyeji jichoni.

JONGOO ANA KAZI YAKE

Usiwaue jongoo wote. Jongoo hutafuna majani makavu na kuyarudisha ardhini yakiwa mbolea. Ni kweli kwamba wakiwa wengi huweza kuharibu viazi vitamu na karanga changa. Lakini jongoo mmoja aliyepotea njia akaingia ndani hana kosa kubwa. Msukumie kwenye koleo kwa kijiti, umpeleke porini.

Wazee walisema, mtupa jongoo hutupa na mti wake. Ukimtupa jongoo na kuacha rundo la majani ukutani, mti bado unao mkononi. Basi, ndugu msomaji, usingoje mvua. Chukua fagio na jembe leo, uzunguke nyumba yako. Waite na watoto wakusaidie, maana wao ndio wanaolala chini.