Jiko la Gazi na Mikoko Yake

Nyanya yangu, Mola amrehemu, hakupikia biriani kuni nyingine ila za mkoko. Akisema moto wake umetulia, makaa yake yanadumu, na ukiyapalia juu ya kifuniko, wali hutoka kila punje mbali. Sisi watoto tukirudi chuoni, juzuu bado i mkononi, tulitumwa kununua fungu la kuni hizo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza miti ile yatoka wapi, wala itakwisha lini.

Nimeyakumbuka hayo nilipokwenda Gazi, kiasi cha kilomita 50 kusini ya Mombasa, ukishavuka Likoni na kuipita Ukunda. Wasomaji wa makamo yangu wanaujua mji huo kwa jina la Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 mpaka akakimbilia upande wa Wajerumani. Siku hizi Gazi inatajwa ng'ambo kwa jambo jingine kabisa, nalo ni mikoko.

Katika miaka ya 1970 misitu ya ghuba ile ilikatwa kwa kuni za viwanda, za kuchomea chokaa na matofali. Kuuza boriti nchi za nje kulipigwa marufuku mwaka 1982, lakini Gazi zilikuwa zimekwisha baki sehemu tupu, mchanga mtupu usioota kitu. Mwenye kujua bahari hahitaji kuambiwa maana yake. Kamba wachanga na samaki wadogo hujificha baina ya mizizi ile mpaka wapate nguvu ya kutoka nje. Ukikata mkoko umevunja nyumba ya kitoweo, na mvuvi hulijua hilo kabla ya mtaalamu. Hata hivyo wataalamu nao wasinyimwe haki yao: tangu mwaka 1991 watafiti wa taasisi ya serikali ya bahari na uvuvi, akiwamo Dakta James Kairo, walianza kupanda upya pamoja na wenyeji. Mche wa mkoko ukichomekwa topeni wataka miaka, na wataka mtu wa kuukataza mbuzi na shoka.

Mimi lakini kilichonivuta ni jiko. Kina mama wa Gazi wana chama chao, na wamejenga ujia wa mbao unaopita juu ya tope, katikati ya mikoko. Mgeni hulipa, akatembezwa, akaonyeshwa mkoko, mchu, mlilana na mkandaa, kisha akiagiza mapema hupikiwa. Chuo hicho cha upishi hakina ubao wala cheti. Mama yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, msichana yuko kando na kifumbu, na somo laendelea. Tui jepesi hutangulia na mchele. Tui zito hungoja mpaka maji yakaribie kukauka, na atakayelitia mapema atasikia jina lake likitajwa mpaka nyumba ya tatu. Mimi nilikaa upenuni, kwani jiko lina wenyewe, lakini masikio hayana mlango.

Waliniletea samaki wa kupaka, na kamba wa mchuzi. Kaa nilimwacha. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamekhitalifiana juu yake, nami sikutaka kwenda Gazi kufungua kitabu mezani.

Bega kwa bega na jiko hilo kuna jumuiya ya Mikoko Pamoja, ya vijiji viwili, Gazi na Makongeni. Ilianza mwaka 1013 baada ya 1000 nyingine, yaani 2013, nayo inalinda hekta 117 za mikoko. Kazi yao ukimweleza mzee wa barazani atacheka: wanauza hewa! Mkoko huvuta hewa ya kaboni, ile inayozidisha joto duniani, ukaizika topeni chini ya mizizi. Na maadamu msitu umesimama, hewa ile imefungika. Kwa mwaka huhesabiwa tani zipatazo 3,000, na walioko ng'ambo hulipa kwa kupitia taasisi moja ya hisani ya Uskochi. Mimi mwenyewe, niliyefundishwa tangu utotoni kuiogopa biashara yenye gharari, niliuliza: mnunuzi apokea nini mkononi? Nikajibiwa kuwa miti hupimwa, huhesabiwa, na hesabu hukaguliwa na watu wa mbali. Basi nikaona ni kama ujira wa mlinzi kuliko bei ya bidhaa. Lakini mimi si mufti.

Fedha si nyingi. Ukizigawa kwa vichwa hazinunui hata kishuka. Wao hawakuzigawa. Zimeingia katika maji ya mfereji, vitabu na mahitaji ya skuli, na mwaka 2017 wakapewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kwangu mimi mfereji wapita tuzo. Msichana aliyekuwa akipoteza asubuhi yake kwa ndoo sasa ana muda wa kukaa karibu na kifumbu.

Neno zito liko kwingine. Mkataba huo ni wa miaka 20, utafika 2033, na hakuna anayejua wanunuzi watakuwa na moyo gani siku hiyo. Na jiko halingoji mkataba: kila jioni lataka kuni, na kuni za karibu ni zile zile zinazolindwa. Mpishi ndiye jirani wa kwanza wa shoka. Ndiyo maana jumuiya ikapanda mivinje nchi kavu, ili watu wapate nguzo na kuni bila kuingia mikokoni. Wako wanaonung'unika, na wako wanaoiba usiku, hilo sikufichwa.

Kabla ya kuondoka niliuliza wali ule ulipikwa kwa kuni gani. Mama mmoja akanijibu kuwa ni mvinje, tena akaniangalia kama mtu anayengoja kasoro. Sikuiona. Nyanya yangu angalianza kwa kuukunjia uso moto ule wa kigeni, kisha angaliomba, kama nilivyoomba mimi, aletewe na ukoko.