Je, Wajua? Mbwa Mzee Bado Ana Moyo wa Kutoa

Ukitangaza Kitale au Bungoma kwamba una mbwa wa kugawa, swali la kwanza ni lile lile: "Ni kadogo?" Kitoto cha wiki nane hakikosi mtu. Mbwa wa miaka minane, aliyeokotwa sokoni, mdomo umeota mvi, hurudi alikotoka. Kabla hujampita, soma haya.

Nusu saa inatosha kuanza upendo

Mbwa mzima aliyeachwa na wenyewe anaweza kuanza kumshika mtu mpya moyoni ndani ya dakika 30. Watafiti wa Hungaria walilithibitisha hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001. Walikwenda kwenye vituo vya mbwa waliookotwa, na kila mbwa akapewa mtu mmoja wa kumpapasa, kumtembeza na kucheza naye kwa dakika 10. Wakarudia mara ya pili, kisha mara ya tatu, basi. Ukijumlisha, hata kipindi cha kwanza cha mpira hakijaisha. Mbwa hao walipopimwa, walimtofautisha waziwazi mtu wao na mgeni: mtu wao ndiye waliyemchangamkia zaidi aliporudi chumbani.

Kipimo chenyewe kina mizizi jirani kabisa na Bungoma. Mwaka 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa ng'ambo ya Malaba, nchini Uganda, akizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala ili aone watoto wachanga wanavyoambatana na mama zao. Baadaye, Marekani, akabuni jaribio ambalo mama hutoka, mgeni akabaki na mtoto, kisha mama akarudi. Wahungaria walilichukua jaribio hilo, wakamweka mbwa mahali pa mtoto. Mimi hufurahi kila nikikumbuka kwamba njia ya kuuelewa moyo wa mbwa asiye na kwao ilipitia kwa akina mama wa Buganda.

Mbwa mwenye mvi ni nadra

Utafiti uliofanywa Machakos, ukachapishwa pia mwaka 2001, ulikadiria kwamba mbwa dume wa kijijini anapozaliwa anatarajiwa kuishi miaka 3.5 hivi, na jike 2.4 tu. Magonjwa, magari na njaa huwamaliza wengi wakiwa wadogo. Kwa hiyo yule mzee unayemwona nyuma ya buchari pale Chwele au Kimilili, anayengoja mfupa bila kubweka wala kusukumana, amevuka hatari ambazo wengi wa rika lake hawakuzivuka. Amejua barabara. Amejua nani wa kumwamini na nani wa kumkwepa. Ukimpeleka nyumbani, maarifa hayo yote yanakuja naye.

Kuzidisha umri wa mbwa kwa saba si sahihi

Mbwa wa mwaka mmoja, kwa hesabu ya chembe zake za urithi, ni sawa na mtu wa miaka 31! Ndivyo walivyopata wanasayansi wa California mwaka 2020 walipolinganisha alama za uzee kwenye DNA ya binadamu na ya mbwa aina ya Labrador. Mwanzoni mbwa huzeeka mbio, kisha hupunguza mwendo: akiwa na miaka 4 yuko kwenye 53, akiwa na 7 yuko kwenye 62, na akifika 12 ni 71 tu. Maana yake, ukimchukua wa miaka saba, miaka mitano inayofuata inambadilisha kidogo kuliko mwaka wake wa kwanza ulivyombadilisha.

Na wako waliokwenda mbali zaidi. Bluey, mbwa wa kuchunga ng'ombe huko Australia, alifanya kazi karibu miaka 20 na akaishi miaka 29 na miezi 5.

Mzee hutumia akili ya kuondoa

Jijini Vienna, mbwa 95 aina ya Border Collie, wa miezi 5 hadi miaka 13, walifundishwa kuchagua picha kwa kugusa kioo kwa pua. Wazee walikuwa wazito kujifunza jambo jipya, hilo ni kweli. Lakini palipotakiwa kufikiri kwamba "hii naijua ni mbaya, basi ile nisiyoijua lazima iwe nzuri," wazee waliwashinda vijana. Miezi sita baadaye, bado walikumbuka walichojifunza. Basi mfundishe jina jipya bila wasiwasi. Simba anaweza kuwa Tommy.

Viatu vyako viko salama

Mbwa huzaliwa kibogoyo, akaota meno 28 ya utoto, yakang'oka yakaota 42. Kazi hiyo huisha akiwa na miezi saba hivi, na fizi zinazowasha ndizo humfanya mtoto wa mbwa atafune viatu, waya na kamba za nguo. Mzee alimaliza shughuli hiyo zamani.

Tumbo lake linaijua sima

Mbwa mwitu wa Ulaya ana nakala 2 za jeni ya kusaga wanga. Mbwa wa nyumbani ana kuanzia 4 hadi 30. Wanasayansi wa Uswidi waliochapisha matokeo hayo mwaka 2013 walieleza kwamba mbwa alibadilika hivyo alipoanza kula makombo ya wakulima. Hebu fikiria hilo ukiwa Kitale, mji wa Kampuni ya Mbegu ya Kenya, ambako mahindi chotara ya nyanda za juu yalianza kuzalishwa miaka ya 1960. Mbwa wa huku na mahindi ni watu wa nyumba moja.

Lakini sima peke yake haimtoshi mzee, kwa kuwa misuli yake inapungua na inahitaji protini. Mchanganyie omena waliochemshwa bila chumvi, au utumbo kutoka buchari. Na hapa naomba unisikilize sana: mahindi yaliyoota ukungu usimpe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mbwa wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye chakula chao. Katika boma nyingi, yale mahindi yaliyooza yanayobaki chini ya gunia ndiyo "ya mbwa". Ini lake haliwezi kuistahimili sumu ile, kama lako lisivyoweza.

Pua huona macho yakichoka

Macho ya mbwa mzee huingia ukungu, masikio yakazibika, lakini pua yake ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 100. Wewe na mimi tuna kama milioni 6. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwalaza mbwa 12 ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawanusisha harufu mbalimbali: zao wenyewe, za mbwa wenzao, za watu wageni. Sehemu ya ubongo inayohusika na furaha ilichangamka zaidi kwa harufu ya binadamu wanayemjua.

Kwa hiyo usiku wa kwanza mpe leso au fulana uliyoivaa mchana, hujaifua, aitandike chini ya kidevu. Kitale iko kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi na baridi yake huingia kwenye viungo vya wazee. Gunia lililojazwa nyasi kavu litamwinua kutoka sakafuni.

Saratani ya miaka elfu nyingi, na ua linaloitibu

Kuna mbwa aliyekufa miaka 4,000 hadi 8,500 iliyopita, lakini chembe zake bado ziko hai. Alipata uvimbe wa saratani uliowaambukiza wenzake kwa kupandana, na chembe zile zile zimekuwa zikihama mbwa hadi mbwa hadi leo, Kenya ikiwemo. Mbwa wengi wa mitaani hukataliwa kwa sababu ya uvimbe huo unaotoa damu sehemu za siri. Binadamu haambukizwi. Na mara nyingi unapona kabisa kwa sindano za kila wiki za vincristine, dawa inayotokana na ua dogo la Madagaska la petali tano, lile lile la rangi ya waridi linalopandwa mbele ya nyumba nyingi hapa kwetu.

Tarehe ya kukumbuka ni Septemba 28

Hiyo ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Karibu visa vyote vya kichaa kwa binadamu, kama 99 kwa kila 100, hutokana na kuumwa na mbwa, na ukichanja mbwa 70 kati ya 100 katika eneo, ugonjwa hukosa njia. Kenya imejiwekea lengo la kuumaliza kwa binadamu ifikapo 2030. Mzee unayemchukua na kumchanja kila mwaka anahesabiwa katika hao 70.

Umri wa huruma iliyopangwa

Chama cha kulinda na kuhudumia wanyama nchini, KSPCA, kilianzishwa mwaka 1910, na makao yake yako Karen, Nairobi. Huko mbwa huchanjwa na kuhasiwa kabla ya kupewa mtu. Wewe wa Bungoma au Kitale unaweza kumfanyia mzee wako hayo hayo kupitia daktari wa mifugo aliye karibu: chanjo ya kichaa na cheti chake, dawa ya minyoo na ya kupe, kuhasiwa akiwa na nguvu za kutosha, na kukaguliwa meno, maana jino bovu humfanya mzee akatae chakula, watu wakadhani amechoka kuishi. Likishang'olewa, anaweza kurudi kwenye bakuli siku chache tu baadaye.