Boti ya Ami Iliyolala Kisii

Boti ile ilikaa miaka tisa nyuma ya nyumba ya ami yetu mjini Kisii, imefunikwa turubai, imejaa kuni na kuku wa jirani. Wageni waliiulizia kwa kicheko: chombo cha majini kina kazi gani huku milimani, penye migomba na majani ya chai, na ziwa lenyewe halionekani? Ami, Allah amrehemu, alikuwa mtu wa Mombasa aliyepelekwa bara na biashara ya vifaa vya ujenzi, na hakuweza kuishi bila chombo. Katika miaka ya 1980 aliipakia kwenye lori, akaja nayo. Kila Jumapili akiivuta hadi Homa Bay kwa njia ya Rongo, safari isiyofika kilomita 70, akavua mbuta na kurudi magharibi akinuka samaki na petroli. Maradhi yalipomshika aliirudisha uani, nayo haikutoka tena.

Alipofariki mwaka jana, boti ikawa mirathi. Ameacha mjane, mabinti wawili, na ndugu mmoja, naye ni baba yetu. Mgawo wake haukuwa na ugomvi: thumni kwa mjane, thuluthi mbili kwa mabinti, na baki, yaani mafungu 5 katika 24, kwa ndugu. Kigumu kilikuwa mali yenyewe. Duka lilikuwa la kupanga, na shehena yake iliuzwa ikaisha kabla ya deni kwisha. Binti mdogo ana miaka kumi na mmoja. Mtu wa Homa Bay aliyeifahamu boti tangu zamani akatuma salamu kwamba akiiona inakwenda majini atatoa shilingi 180,000; akiikuta imelala atainunua kwa bei ya faiba chakavu.

Hapo ndipo tulipokwama. Kuitengeneza ni kutumia fedha, na mashine kuukuu inaweza kumeza fedha isirudishe kitu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hawezi kutoa idhini fungu lake lichezewe hivyo. Baba akasema gharama atazikopesha yeye mwenyewe, mwisho shilingi 65,000, na boti isipouzwa hasara ni yake. Mama mdogo, ndivyo tunavyomwita mjane wa ami, akafungua daftari la shule akaandika tarehe.

Tulianza likizo ya Aprili. Ni boti ya futi 14, ya umbo la miaka ya 1970, omo limechongoka na kioo cha mbele kimeinama kama kofia. Baada ya kuoshwa kwa sabuni na kusuguliwa, ubavu wake ulikuwa umefifia rangi tu, hauna ufa. Tukaona kazi imekwisha nusu. Kisha baba akachukua nyundo ndogo akaanza kugonga ubao wa tezi, pale mashine inapoangikwa. Mahali pazima hujibu kwa mlio mkavu. Pale kati palijibu kama papai bivu. Tulipotoboa tundu dogo, yalitoka machujo meusi, mabichi, yananuka tope. Ndani ya boti nyingi za faiba mna plaiwudi katika ubao ule, na matundu ya bolti yasipozibwa vyema maji huingia yakauozesha mti, huku ngozi ya nje inang'aa.

Mmoja wetu, na hatumtaji, alishauri tupake rangi mara mbili tuiuze. Hakuna angejua. Mama mdogo aliuliza jambo moja tu: "Na mashine ya kilo zaidi ya hamsini ikikatika na ubao huo katikati ya ziwa, watoto wa mwenye kuzama wataambiwa nini?"

Basi tukakata. Ngozi ya ndani ikafunguliwa, uozo ukachimbwa hadi mti mkavu, na plaiwudi ya vyombo vya majini ikaja kwa basi kutoka Mombasa. Tulibandika tabaka mbili kwa gundi ya epoksi, tukafunika kwa nguo ya faiba, na kila tundu la bolti tukalipaka epoksi ndani kabla ya kupitisha chuma. Kisii hunyesha karibu kila alasiri, na epoksi haitaki unyevu. Siku nne zilipotea tukingojea jua chini ya turubai. Kazi hiyo peke yake ilimeza nusu ya fedha.

Mashine ni Johnson ya nguvu farasi 40, ya mwaka 1973, yenye silinda mbili. Ole Evinrude, Mnorwei aliyehamia Marekani, ndiye aliyeanza kuuza mashine za namna hii za kubandika tezini mwaka 1909 zikapata umaarufu, na nembo za Johnson na Evinrude zikaja kukaa nyumba moja. Nyumba hiyo iliacha kabisa kuziunda mwaka 2020. Kwa bahati, makampuni mengine yangali yakitengeneza vipuri vyake.

Fundi wetu alikuwa kaka yake mama mdogo, kutoka Nyamira, anayetengeneza misumeno ya injini, ile waiitayo pawaso. Hakuwahi kupanda boti maishani. Lakini pawaso na mashine ile ni ndugu: zote mbili hunywa petroli iliyochanganywa na oili, na aijuaye moja hapotei katika nyingine. Alikataza mtu kuvuta kamba. Kwanza alitoa plagi, akamimina oili kidogo katika silinda, akaiacha usiku kucha, asubuhi akaizungusha kwa mkono polepole. Akapima mgandamizo, silinda mbili zilipishana kwa ratili 4 tu, naye akatabasamu, kwani zikipishana zaidi ya sehemu moja ya kumi ni dalili mbaya. Oili ya gia aliifungua ikatoka nyeusi. Ingetoka nyeupe kama chai ya maziwa tungejua maji yameingia kwa sili iliyokufa.

Kabureta ilikuwa imeganda utomvu wa petroli ya miaka tisa. Ikachemshwa, ikapulizwa. Pangaboi la mpira katika pampu ya maji lilikuwa limekauka kama kwato, likabadilishwa. Njia za kupozea zilikuwa na chumvi ya Mombasa tangu enzi hizo. Tulizilowesha kwa siki, chupa baada ya chupa, hata mwenye duka akauliza kama tuna harusi ya achari. Pointi zilisuguliwa, zikapimwa inchi 0.020, karibu nusu milimita. Kisha mashine ikaangikwa kwenye pipa lililojaa maji, maana kuiwasha mikavu hata dakika moja ni kuiua pampu.

Iliwaka mara ya tano. Moshi mweusi ukajaa ua, plagi zikatoka zimelowa masizi, na ilipopunguzwa mwendo ikazimika. Sisi wa pwani tukasema kabureta bado chafu. Mama mdogo akacheka. "Nyinyi mlipokuja mlilalamika maharagwe yangu hayaivi," alisema. "Hewa ya huku ni nyepesi." Na ni kweli: mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100, ndiyo maana sufuria hukaa motoni muda mrefu kuliko Mombasa. Mashine iliyopimiwa hewa nzito ya bahari hupata huku petroli ile ile na hewa pungufu, inashiba, inasonga. Kaka yake alikuwa tayari na bisibisi mkononi. Alikaza skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko, moshi ukakatika. Lakini aliweka alama ya rangi mahali ilipokuwa mwanzo. Ziwa Victoria liko mita 1,134, chini sana kuliko Kisii, na mashine ya namna hii ikipata petroli kidogo hukosa pia oili, kisha pistoni huungua.

Homa Bay tulifika Jumamosi. Mashine iliwaka mara moja, boti ikainua omo, na mabinti wakapiga vigelegele. Kwa mwinuko ule takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu hupotea bila kosa la mtu, lakini hatukujali. Baada ya dakika 11 ikapoteza pumzi, ikatembea kama mtu mwenye mguu mmoja. Tukapiga makasia kurudi. Ikapoa, ikawaka, ikafa tena. Jioni baba alitaka kubadilisha kabureta, na fedha zilizobaki zilikuwa shilingi 9,000.

Daftari ndilo lililotuokoa na gharama hiyo. Mama mdogo alikuwa ufukoni na saa yake: dakika 11, dakika 12, dakika 10. "Tatizo la petroli lingekuja lipendapo," alisema. "Hili linangoja joto." Kaka yake akajaribu kwa mpango. Ilipolegea alibonyeza mpira wa bomba la petroli. Haikubadilika, basi si kiu. Akabadilishana plagi ya juu na ya chini. Aliyekufa alibaki silinda ya chini, basi si plagi. Mashine ingali moto akatazama cheche: juu ipo, chini haipo. Baada ya nusu saa ya kupoa, cheche ikarudi. Akavua flaiwili, lile gurudumu zito la juu, na chini yake tukaiona koili ina ufa mwembamba kama unywele. Ikipata joto ufa hufunguka. Koili mpya ilitoka Mombasa kwa shilingi 5,400, na safari hii mashine ilikwenda saa nzima, ikasimama mara moja tu kwa sababu gugumaji lilikuwa limeziba tundu la kunyonya maji. Tulilijua kwa sababu ule mchirizi wa maji unaoruka nyuma ulikatika, na mashine ikazimwa kabla ya kuchemka.

Mnunuzi alikuja Jumatatu. Anakusudia kuvusha jamaa zake Ghuba la Winam. Mama mdogo, kabla ya bei kutajwa, aliweka juu ya sitaha kipande cha plaiwudi iliyooza katika mfuko, koili yenye ufa, na daftari. Akamwambia makoti ya kujiokolea yaliyomo ni manne tu, na kwamba ukaguzi wa KMA ni juu yake. Mtu yule alisoma kurasa zote, akagonga tezi kwa ngumi, akapunguza shilingi 15,000 kwa ajili ya koili ya pili, ambayo ni ya umri ule ule. Baba akakunja uso. Mama mdogo akasema, "Shemeji, ana haki," na wakapeana mikono.

Ilikuwa 165,000. Ikatoka gharama 61,400, likatoka deni la duka 31,600, zikabaki 72,000. Kila fungu shilingi 3,000: mjane 9,000, kila binti 24,000, ndugu 15,000. Baba alichukua lake. Nauli ya watu wanne hadi Mombasa si mchezo.

Mnunuzi aliomba apewe na daftari pia. Mama mdogo alikataa, mna mwandiko wa marehemu katika kurasa za mwanzo. Basi binti mkubwa akaketi sitahani na kalamu, akamnakilia kurasa za mashine moja baada ya moja, huku boti ikiyumba kidogo gatini.